Nafasi Moja ya Wexcombe

Pai ya maboga ilikuwa bado ya moto, na Maren alijua kabla haijakatwa kwamba imeletwa kununua kitu. Bi. Kessinger hakuwa mtu wa kupika. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na ugonjwa wake mwenyewe, akautua mezani, akaomba kisu.

Maren alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu utotoni alitaka chuo kimoja tu duniani, Wexcombe. Sweta ya Wexcombe alilala nayo, ila nje hakuivaa, maana pale mjini kwao kila mwanafunzi alijua kuwa kuvaa nguo ya chuo kabla hujakubaliwa ni kujitafutia mkosi. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma ombi la mapema, lile la kiapo: unaomba chuo kimoja kabla ya wenzako, unatia sahihi, na ukikubaliwa umeolewa, huna ruhusa ya kutazama kwingine. Maren alikuwa bado anasitasita, kwa sababu shoga yake Blythe Kessinger alikitaka chuo hichohicho.

"Lorna, mwenzangu, tuambiane ukweli," Bi. Kessinger alimwambia mama yake Maren. "Wexcombe hawachukui zaidi ya mmoja kutoka shule yetu. Wakiomba mapema wote wawili, watauana bure. Naomba Maren amwachie mwenzake. Yeye aombe baadaye, na wengine."

"Na yeye atapata nini?" mama akauliza.

Maren akageuka kumtazama. Alitegemea mama amtimue yule mwanamke pamoja na pai yake.

"Mume wangu anajuana na wakubwa wa chuo kingine kizuri tu. Neno moja lake linatosha."

"Wakubwa wa kiasi gani?"

Lo! Wakaendelea hivyohivyo, huyu anapandisha, huyu anashusha, kama mbuzi amefungwa pale mguuni mwa meza. Kilichobaki ni kumfungua mdomo wamkague meno. Blythe, aliyekuja na mama yake, alikuwa anakula tu, macho kwenye sahani, krimu imemganda mdomoni.

"Mimi nipo hapa," Maren akasema. "Niulizeni mimi."

"Si ndiyo tunakuuliza, mpenzi?" Bi. Kessinger akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tena ujue Blythe anakupenda kweli. Insha yake yote ya kuombea chuo ni wewe! Ulivyofiwa na baba ukarudi shule bubu, ukawa unakula peke yako kando ya vyoo, mpaka yeye akaja na sinia lake akakaa nawe. Mshauri tunayemlipa wa maombi ya chuo alilia. Alisema hiyo ndiyo itakayomwingiza."

Maren akaisukuma sahani yake kando. Siku ile ya sinia aliikumbuka vizuri. Blythe alimmegea mkate wake bila kusema neno, na kwa ajili ya mkate ule Maren alikuwa karibu kumwachia Wexcombe bure, bila kuombwa na mtu.

"Blythe. Ulikuja kukaa na mimi kwa nini?"

"Usikasirike basi."

"Nakuuliza."

"Mama alisema nitafute mtu wa kumsaidia. Alisema vyuo vinapenda mtu mwenye huruma." Blythe akafuta mdomo. "Lakini baadaye nilikuzoea, Maren. Haki ya Mungu nilikuzoea."

Alimzoea! Kama watu wanavyozoea kiatu kinachobana. Ptuu!

"Sasa ubaya uko wapi?" Bi. Kessinger akadakia. "Si ulipata rafiki?"

"Tokeni," Maren akasema. "Tokeni kwetu."

Wakatoka, wakaiacha pai. Mama akafunga mlango, akaja kumshika mikono, macho yanamng'aa.

"Pole, mwanangu. Watu gani wale, hawana hata haya." Kisha akashusha sauti. "Lakini hebu nisikilize. Haya ya leo, ile pai, yule mama, hayo maneno ya Blythe, ukiyaandika vizuri insha yao haitafua dafu. Ijumaa bado. Kaandike sasa hivi, kabla hujapoa."

Kilichomchefua Maren kuliko yote ni kwamba mama alikuwa amechelewa. Sentensi ya kwanza ya insha hiyo Maren mwenyewe alishaipata kichwani zamani, palepale Blythe alipokuwa anajibu, na ilikuwa sentensi nzuri. Hata ile krimu ya mdomoni alikuwa ameiweka akiba.

Akapanda chumbani, akarudi na sweta ya Wexcombe. Akaizolea pai yote humo, akafutia na meza, akaenda kutupa vyote kwenye pipa la taka.

"Siombi, mama. Si mapema, si baadaye."

"Una wazimu? Ndoto yako yote! Unaitupa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Maren yule wa kando ya vyoo," Maren akasema, na sasa alikuwa analia. "Alikuwa anakula vizuri tu peke yake."