M ya Mfereji

Mtu mzima kukasirishwa na choo, mliona wapi? Basi Mwalimu Haroub, mkuu wa skuli moja pale Konde, alikasirika. Choo kipya cha skuli alikizindua kwa mara ya tatu, na mfereji wake haujatoa hata tone la maji. Kabla keki ya uzinduzi haijaisha, shairi likawa limeshaingia kila simu:

*Utepe umekatika, keki nayo imeliwa,*
*Mfereji wakauka, choo kimezinduliwa!*

Mstari huo wa pili ulirudi kila ubeti, ukifukuzwa hauondoki.

Mkuu akamwita Bi Ruweida, mwalimu wa Kiswahili. "Nichambulie vina, mizani na takriri, mpaka fundi wake ajulikane. Nikimpata, namwombea uhamisho, aende Kisiwa Panza!"

Lo! Fundi mwenyewe ndiye huyo aliyekaa mbele yake. Kisiwa Panza ni kule kusini kabisa, tena kwa mashua, na mama yake, Bi Mwanapili, ni mgonjwa wa miguu, hana mwengine wa kumwangalia. Dawa ilikuwa moja tu: alitukane shairi lake.

"Huyu si fundi, Mkuu," akasema. "Vina vya *ka* na *wa* hata watoto wa chekechea wanavipata. Na takriri hii ni ya mtu aliyeishiwa na maneno."

Kila neno lilimuuma. Lakini mkuu alikenua meno yote, na Ruweida akaona keshavuka.

Kumbe mkuu naye kanogewa na uhakiki! Akanyoosha vidole. "Fe-re-ji-wa-ka-u-ka. Saba! Watu wanatunga kwa mizani nane, yeye saba! Juha huyu!"

"Na M je?" Ruweida akauliza taratibu.

"M haina irabu, haihesabiwi."

Wallahi, kuambiwa juha angekumeza. Hili la M halikumezeka.

"M hiyo ni silabi kamili, Mkuu! Mizani nane! Nimeihesabu mwenyewe kabla sijalituma shairi!"

Mkuu akashusha vidole kimoja kimoja, akachukua kalamu aombe uhamisho.

Ruweida alifika nyumbani analia, akamweleza mama yake kwamba wanamhamisha.

"Kosa lako nini, mwanangu?"

"M moja tu, mama."

"Uliisahau?"

"Niliitetea."

Bi Mwanapili akauvuta mkongojo wake. "Basi funga mizigo. Twende sote."