Wali wa Bibi Fumie

Takuya alimtoa mama yake, Bibi Fumie, Japani, akamleta Doha aishi naye ghorofani katika mtaa wa Pearl. Mchana mmoja mjukuu alimpakulia bibi yake wali, akavisimika vijiti vya kulia wima katikati ya bakuli, akacheka kwa furaha. Lahaula! Kwao, wali wa namna hiyo huwekewa maiti tu.

Bibi Fumie akamtazama Takuya, akingoja avichomoe. Takuya, aliyechapwa utotoni kwa kosa hilohilo, akatoa simu, akapiga picha. "Kula, mama, utapoa."

Hapo bibi akajua kwamba siku atakayokufa, hakuna atakayekumbuka kumwekea wali. Basi akalivuta bakuli, akaula wali wake wa maiti hadi punje ya mwisho.