Kurasa Kumi na Mbili za Mwisho

Tulipotoka kwenye mtihani wa mwisho wa Fasihi, wenzangu walikuwa wanacheka na mimi nilikuwa natafuta pa kujificha.

Baltazari alinishika mkono akautikisa kama mgombea udiwani. "Ghati, wewe unatuokoaga sana," akasema. "Swali la tano nimelijaza kurasa nne."

Swali la tano ndilo lililoniua. Lilitaka tueleze jinsi mwisho wa riwaya tuliyoisoma unavyobeba ujumbe wa mwandishi. Riwaya ina mwanzo, ina katikati, ina wahusika wa kila aina, watunga mtihani wakaona waulize mwisho. Nami nilikuwa mtu pekee hapo shuleni Bunda aliyejua kwamba ule mwisho niliowapa wenzangu haukutoka kitabuni.

Kidato chetu cha sita kilikuwa na nakala moja ya kila kitabu, kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha watu wanne tulikuwa na utaratibu: kila mtu anachukua kitabu kimoja, anakimeza, halafu Jumamosi anakuja kuwasimulia wenzake na kutoa nondo, zile hoja za kujibia mtihani. Mimi nilipewa riwaya ya Mbuke, mjane kijana ambaye shemeji zake wanataka kumrithi yeye pamoja na shamba lake la pamba. Niliisoma kwa hasira, maana shemeji wa aina hiyo nawajua. Nilifika mahali Mbuke ameitwa kwenye kikao cha ukoo na shemeji mkubwa anakohoa ili aanze kusema. Hapo usingizi ukanichukua, kitabu nikakiacha mezani.

Naishi Manyamanyama kwa mama yangu mdogo, Petronila, anayeuza karanga za kukaanga. Kitabu chenyewe kilikuwa kimepoteza jalada tangu enzi za waliotutangulia. Asubuhi nilikuta kurasa kumi na mbili za mwisho zimeshageuzwa vifungashio vya karanga na zimeshauzwa.

"Nilianzia nyuma," mama mdogo alijitetea. "Sikutaka kukuharibia mbele."

Ningeweza kusema ukweli Jumamosi ile. Lakini darasa zima linaniita Profesa, na jina hilo nalipenda kuliko ninavyokubali. Kwa hiyo nilipofika pale shemeji anapokohoa, nikatunga. Nikasema Mbuke aliwasikiliza mpaka wakamaliza, hakujibu neno, akachukua jembe akaenda kupalilia pamba yake. Wao wakabaki wamekaa.

"Halafu?" aliuliza Wankyo, ambaye alikuwa ameshaandaa leso.

"Halafu basi. Ni mwisho wa kisanaa."

Wakaandika kwenye madaftari yao, na mimi nikajiambia hakuna mtungaji wa mtihani atakayeuliza jambo dogo namna hiyo.

Sasa liliulizwa. Chumba kizima niliona wenzangu wanaandika kwa kasi, nami kalamu yangu ikagoma. Uongo wa kusema Jumamosi niliuweza, wa kumwandikia msahihishaji nikaushindwa. Nikaandika maneno ya kuzungukazunguka, kwamba mwandishi anamwachia msomaji swali, na kadhalika. Maana yake niliwatosa wenzangu kwenye uongo wangu, halafu mimi mwenyewe nikaukimbia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Aliyeniuma zaidi ni Kulwa, mwenzetu wa nne. Alikuwa anarudia mtihani huu kwa mara ya pili, na baba yake alikuwa ameshatangazia mnadani kote kwamba safari hii kijana anafaulu. Kulwa ndiye aliyesema ana njaa, twende tukale karanga kwa mama mdogo. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Jamani, ule mwisho wa Mbuke niliutunga," nikasema. "Kurasa zilifungiwa karanga."

Wote watatu wakasimama. Nilingoja matusi. Baltazari akajikuna shingo.

"Kusema ukweli, mimi sikuuandika," akasema. "Ulikuwaga umepooza. Mimi nimewapiga shemeji na radi. Wote watatu."

"Radi?"

"Walistahili."

Wankyo alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mimi nimemwozesha kwa afisa kilimo," akasema polepole. "Nikaona hata shamba litapata mbolea."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilipandwa na hasira sijapata kuona. Saa tatu nzima nimejitesa kwa ajili yao, kumbe hawakuniamini hata kidogo. Niliwaambia hawana adabu kwa mwandishi. Baltazari akauliza mwandishi yupi, yule wa kitabu au mimi.

Kisha tukamgeukia Kulwa.

"Mimi niliandika palizi," akasema. "Kama ulivyosimulia. Mimi situngagi."

Hakuna aliyecheka. Wankyo alimpa pole kwa sauti ya msibani, Baltazari akamwekea mkono begani, na tulitembea hivyo mpaka Manyamanyama kama watu wanaomsindikiza mfiwa. Mimi nilikuwa nyuma yao, machozi yananitoka. Nilikuwa nimemfelisha mtu mmoja aliyeniamini.

Mama mdogo alikuwa na karanga kidogo zilizobaki. Akampa Kulwa, kisha akavuta kopo lake na kutoa karatasi iliyokunjwa.

"Ghati, nisomee namba ya Eliud wa Bukima, nimpigie alete karanga nyingine. Macho yangu leo siyaelewi."

Nikaikunjua. Namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu upande wa chini, palipokuwa peupe. Juu yake kulikuwa na mistari michache iliyopigwa chapa, na neno MWISHO. Kumbe ukurasa mmoja haukuwa umeuzwa.

Nikaisoma kwa sauti, maana kimyakimya nisingeamini. "Mbuke hakuwajibu. Aliinuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda kwenye pamba yake. Shemeji zake wakabaki wamekaa, wakingoja mtu wa kufunga kikao."

Kulwa aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo radi..." alianza Baltazari.

"Hakuna radi."

"Na afisa kilimo?" Wankyo aliuliza.

"Afisa kilimo gani tena?" akauliza mama mdogo.

Wankyo akanishika bega. "Ghati, ulijuaje?"

Nilitaka kusema ni akili. Lakini nilikuwa namwangalia mama mdogo na mwiko wake mkononi, nikakumbuka mwaka aliofiwa na mume. Shemeji zake walikuja wakajaa sebuleni kuzungumzia nyumba hii, na mimi ndiye niliyewapelekea chai. Yeye aliwasikiliza, akaingia jikoni, akawa anakaanga karanga mpaka jua likazama na wao wakaondoka mmoja mmoja. Hawakurudi. Mimi nilifikiri nimetunga.

Nikamsimulia habari ya Mbuke kwa kifupi, na jinsi wenzangu walivyoona mwisho wake umepooza. Alinisikiliza huku anapepeta maganda.

"Sasa mlitaka afanye nini?" akasema. "Palizi ilikuwa imefika. Haya, soma namba."

Nikaanza kumsomea kuanzia sifuri ya kwanza. Kulwa akanyoosha mkono kwa upole akaomba karanga nyingine.