Siku Mbili za Maji

Loretta Haverkamp alikuwa ametunza panya wa maabara kwa miaka kumi na tisa, huko Michigan, na sifa yake ilikuwa moja: habahatishi. Utafiti wa safari hii ulikuwa rahisi kueleza. Panya wenye mimba wa kundi moja walinyweshwa maji yenye kemikali ya plastiki, ile inayojifanya homoni mwilini. Wa kundi la pili, maji matupu. Watoto walipoachishwa kunyonya, wote walipewa maji safi.

Baada ya miezi kumi Profesa Dykstra, mwenye utafiti, alipasua madume kati ya watoto hao. Wa kundi la kemikali walikuwa na uvimbe kwenye ini, kama alivyotarajia. Lakini wa maji matupu, sita kati ya ishirini, nao walikuwa nao.

"Hawa nao wameutoa wapi?" aliuliza, kisha akajijibu. "Ni mbegu yao tu, wamezaliwa nao. Tuandike hivyo."

Loretta alivua glovu polepole.

"Usiandike, Profesa. Ni mimi."

Januari, theluji ilipofunga barabara, alikuwa amebaki peke yake na vizimba mia mbili. Kwa uchovu akawawekea mama wa maji matupu wa rafu ya chini, wakiwa na mimba, chupa za kemikali. Siku ya tatu akagundua, akazirudisha, akanyamaza.

"Siku mbili tu?"

"Mbili. Na hao sita wote ni wa rafu ya chini."

Dykstra alivuta kiti akakaa. "Miezi kumi umelikalia hili, Bi Loretta?"

"Nilijiambia maji ya siku mbili hayatamfanya mtu kitu."

"Mimi ningejiambia hivyohivyo. Lakini ningesema."

 Utafiti ulifutwa. Loretta aliondolewa kwa panya, akapelekwa kuosha vyombo vya kioo chumba cha pili, na hakulalamika.

Dykstra alianza upya, safari hii kwa swali moja: siku mbili zinatosha? Mwaka uliofuata alimletea karatasi pale kwenye sinki. Madume ambao mama zao walinyweshwa kemikali siku mbili tu walikuwa na homoni zilizopungua tangu ujanani, na wanane kati ya thelathini walikuwa na uvimbe.

Loretta aliisoma yote amesimama, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Pole yao," alisema, akamrudishia, akachukua chupa nyingine.