Aliyebebwa Mgongoni

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa pale mteja aliposema, "Mzee, mimi ndiye niliyebebwa na mwanao."

Mkono ukasimama. Miezi saba tangu mwanawe wa pekee auawe vitani, watu walikuwa wakimpa pole na hongera kwa pumzi moja, kwa sababu ya nishani ya ushujaa aliyokabidhiwa mkewe, mama wa marehemu, uwanjani, bendi ikipiga. Yeye hakwenda. Alisema ana wateja, kumbe aliogopa kulia hadharani.

"Nisimulie," akasema, akaizima mashine.

Kijana, mguu mmoja umekauka kama gogo, alisimulia huku akitazama kioo. Askari wanne walilala majeruhi ng'ambo ya daraja. Mwana wa kinyozi, ambaye kambini walimwita Polepole kwa uzito wake wa kuamka, aliwafuata mmoja mmoja, risasi zikinyesha.

"Mimi nilikuwa wa tatu. Nikamwambia inatosha. Akasema, 'Na mpishi je? Nikimwacha, tutakula nini kesho?' Akacheka, akarudi."

Kinyozi akauliza jambo ambalo barua ya jeshi haikulitaja. "Alikufa papo hapo?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hapana, mzee. Tulimsikia mpaka saa sita mchana, akimwita mama yake. Hatukuweza kumfikia."

Kinyozi akakitazama kile kisogo kilichonyolewa upande mmoja, na kwa muda akamchukia mwenye nacho kwa kuwa tu yu hai. Kisha akashusha pumzi.

"Inua kichwa, mwanangu. Huwezi kutoka hivi."

Akamnyoa taratibu, akampangusa shingo, akamsindikiza mpaka barabarani. Akafunga duka jua lingali juu.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo. Akamweleza habari za daraja, na za mpishi. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, machozi yakimtiririka. "Huyo ndiye yeye. Tumbo mbele."

Halafu akauliza, "Aliteseka?"

"Hata kidogo, mke wangu. Kama taa kuzimwa."

Mama akamtazama kitambo, akarudi kwenye nguo zake. "Afadhali," akasema.

Kinyozi akatoka uani, akafungua bomba mpaka mwisho, akalia maji yakivuma kwenye ndoo.