Koch wa Djugu

Ta-ta-ta, ting! Mashini ya kuandika ya Ambroise, aliyewaandikia watu barua kwa malipo, ilisikika nyuma ya ukuta kabla Zacharie hajakata kona. Akaharakisha hatua. Leo barua yake ya kwenda Ujerumani ingekamilika.

Zacharie Koch hakuwa na mtu. Vita vya Djugu vilimwachia jina tu, na sasa Bunia ilipotulia, utulivu ule wa watu wanaolala na viatu miguuni, aliamua kulitumia. Baba yake aliandikwa Koch, jina la Kijerumani, katika kitabu cha Wabelgiji cha kuhesabu watu. Basi lazima palikuwa na babu Mjerumani aliyekuja kufanya kazi mgodini, na kwao lazima wako ndugu.

"Mujerumani yetu amefika!" Ambroise alimtania. "Mweusi kama makala ya jikoni! Watakupokea na bia ama na polisi?"

"Andika, acha maneno. Koch kwa Kijerumani ni mpishi. Siye wote ni ukoo wa wapishi. Hata mimi najua kupika."

"Unapikia nani?"

Zacharie alimsogezea karatasi.

Mama Joséphine, aliyeuza samaki wa ziwani Kasenyi kando yao, akaacha kufukuza nzi. "Mujerumani gani?" akacheka. "Siku ile ya kuandikwa nilikuwa mu mustari, nyuma ya baba yako. Alikuwa yatima, mutoto kidogo. Karani Muzungu akamuuliza, 'Weye wa nani?' Akaonyesha mama muzee mwenye kumulea, akasema, 'Wa koko.' Muzungu akaandika alivyosikia, kwa maandiko ya kwao Ulaya!"

Koko. Ndivyo kila mtoto wa huku anavyomwita mama wa mama yake.

Ambroise aliondoa vidole kwenye mashini. Zacharie aliketi juu ya kreti tupu. Walimtoka wote mara moja, wale binamu wa Ujerumani aliowawaza tu, aliozoea kuzungumza nao akila peke yake.

"Basi sina watu," alisema.

"Uko na koko. Analala Djugu, juu ya chemchemi. Mimi na baba yako ndio tulimuzika. Sasa majani imefunika kaburi, hakuna mwenye kulima pale."

Barabara ya Djugu ilikuwa wazi Jumanne, ikafungwa Jumatano. Ya kesho hakuna aliyeyajua. Zacharie aliushika mkono wa mama mzee, wenye magamba ya samaki.

"Mama Joséphine, siku barabara itafunguka, nitakubeba na pikipiki yangu, polepole, unionyeshe. Ile majani nitaitoa mimi, na mikono yangu. Kila mwaka."