Siku Nne Bila Wali

Verediana, fundi cherehani wa Katindiuka, aliamua kuusafisha mwili kwa wiki moja: viazi vitamu vya kuchemsha, matembele na papai. Wali, mafuta na sukari aliviweka kando. Mumewe, Antoni, alikubali shingo upande.

Siku ya nne Verediana aliamka mwepesi, kichwa kimetulia. Jioni wanajumuiya wenzao wa kanisani wakapiga hodi na ndoo ya mchele.

“Pole, dada,” alisema mwenyekiti wao, Mama Restituta. “Tumesikia hapa hampiki wali tena.”

“Nani kawaambia?”

“Mumeo. Alituomba tuwaombee.”

Antoni alikuwa tayari anawasha jiko. Verediana alicheka mpaka akakaa chini. Aliwapikia wote wali, yeye akala papai.

Wakati wa kuaga, Mama Restituta alimnong'oneza, “Hilo papai linapunguza tumbo?”